Mwaka Harusi Ilipongojea Nyusi

Sauda hajui kupiga simu kama watu. Hasalimu, haulizi umeamkaje, anaanza katikati kama mtu aliyetoka chumbani kidogo kwenda kuchukua chumvi. Juzi simu ililia nikiwa nimekaa dirishani, uzi wa cherehani nimeubana kwa meno, kioo nimekiegemeza kwenye kopo la unga, na nusu ya uso imejaa poda. Nikabonyeza kwa kidole kidogo, maana ndicho pekee kilichokuwa hakina kazi. "Jumamosi niko Arua," akasema. "Usiguse nyusi zako mpaka nifike." Tangu alipohamia Juba na mumewe hatujaonana. Katikati hapo tumezaa, tumezika, Arua imekuwa jiji, Juma wake amefariki, amekaa eda yake yote hukohuko Juba na sasa amerudi Koboko kwenye nyumba ya wazazi wake, na neno lake la kwanza kwangu ni nyusi. Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini mtu aliyebana uzi kwa meno hawezi kumjibu mtu vibaya. Nikasema "Mmm," na yeye akaichukua kama ndiyo, alivyofanya siku zote.

Lazima niseme jambo kuhusu nyusi yangu ya kushoto, maana kila anayenitazama analiona na anajifanya hajaliona. Inaanza vizuri pale karibu na pua, inapanda, halafu katikati inakatika, kama barabara ambayo mkandarasi ameikimbia. Kila asubuhi ya maisha yangu ya utu uzima nimeimalizia kwa wanja. Mvua ikinikuta sokoni narudi nyumbani na nyusi moja na nusu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutopenda kutoka. Mpwa wangu Fiona, ninayekaa naye, ameshachoka kunihubiria. Yeye ana kipande cha plastiki chenye tundu la umbo la nyusi. Anakibandika kwenye paji la uso, anapaka rangi, anabandua, na anatoka akiwa amegongwa mhuri kama mzigo uliopita mpakani. "Shangazi, siku hizi hakuna mtu anateseka na uzi," ananiambia, huku ananionyesha kwenye simu msichana wa nchi gani sijui akijichora. Siku ile Sauda alipokata simu, Fiona aliniuliza swali ambalo kwa miaka yote aliyokaa kwangu alikuwa hajaliuliza: "Kwani ni nani alikuharibu hivyo?" Nikamwambia, "Bibi harusi." Akacheka. Hakujua kwamba sikufanya mzaha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza Senior Four na nilikuwa nangoja matokeo, yaani nilikuwa nakaa tu, nakula, nakua miguu. Mama yangu akanipeleka Koboko kwa Mama Sauda. Walivyojuana wao wawili ni habari ndefu ya watu wengine. Mimi niliambiwa tu kwamba kuna harusi, kwamba kuna mashuka na foronya za kutariziwa, na kwamba mkono wangu wa sindano ulisifiwa na masista shuleni. Nikafika juu ya lori la mihogo, vumbi mpaka kwenye kope. Chumba nilichopewa kilikuwa cha Sauda: kitanda kimoja cha chuma, masanduku mawili ya bati yaliyopakwa maua mekundu, dirisha dogo la mbao, na paa la mabati lililokuwa likilialia saa za mchana kama mtu anayekunja vidole mpaka vikalia. Ukuta uliotutenganisha na sebule haukufika juu. Kila kilichosemwa upande wa pili kilipanda, kikagonga mabati, kikatuangukia kitandani. Harufu ya ubani ilipita hapohapo, na ya gurusa, ile mikate yao laini ya kumimina kwenye kikaango, ambayo Mama Sauda alituletea asubuhi ikiwa imekunjwa na ufuta uliosagwa ndani. Nyumbani kwetu tulikunywa uji na kwenda shamba. Pale watu walikaa. Walikula polepole, wakarudia chai, wakazungumza. Sikujua kwamba mtu anaruhusiwa kuishi hivyo.

Sauda alikuwa ameshaposwa. Mchumba wake Juma alikuwa na meza ya kandambili katika soko la Koboko, mtu wa aibu sana, na kabla ya posa Sauda alikuwa ameshanunua kwake jozi kadhaa ambazo hazikumtosha hata moja, kwa kuwa Juma aliona haya kumuuliza kipimo cha mguu. Sauda alizitunza zote chini ya kitanda. Baada ya posa hakuruhusiwa kutoka tena hovyo. Na kulikuwa na sheria nyingine ambayo mimi, mtoto wa kanisa kutoka Arua, sikuwahi kuisikia: nyusi za msichana haziguswi. Siku ya hina ndipo anakuja bibi mmoja mzee, wao wanasema haboba, na uzi na jivu safi, anamlaza bibi harusi na kumtengeneza uso kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo, yeyote atakayekutana nawe njiani atakutazama juu ya macho na kujua kwamba una bwana. Shuleni kwetu wasichana walijinyoa nyusi kwa wembe nyuma ya bweni na adhabu ilikuwa kufyeka nyasi. Kule Koboko, katika nyumba ile, nyusi zilikuwa habari rasmi.

Shida ni kwamba haboba yule alijua umbo moja tu. Nyembamba, ya mviringo, imepanda juu sana. Ukisimama mlangoni saa za jioni ungeona wake wote wa mtaa ule wakipita na ndoo na vikapu vyao, wazee kwa vijana, wote wakiwa na mshangao mmoja usoni, kana kwamba kuna mtu kawaambia jambo asubuhi na bado hawajaliamini. Sauda alikuwa na nyusi nzito, nyeusi, zilizolala vizuri kama paka. Alizishika kwa vidole akaniambia, "Wallahi Ayikoru, mimi sitaki kushangaa maisha yangu yote." Mpango wake ulikuwa kujifunza uzi mwenyewe, kwa siri, achore mstari anaoutaka, halafu siku ya hina amwombe haboba aufuate. Ila ili ujifunze unahitaji uso. Wake haukuruhusiwa. Chumbani tulikuwa wawili.

"Si uanze na mguu?" nikamwambia.

"Mguu hauna sura."

"Na Mama akiniona?"

"Wewe ni mtu wa Arua. Sheria yetu haikujui."

Bado naikasirikia sentensi hiyo. Alikuwa anajua vizuri kabisa nyusi zilizotengenezwa zinasema nini katika mtaa ule. Mimi ndiye sikuwa nimefikiria mbali, kwa sababu Sauda akikutaka kitu anakuzungumzisha mpaka unaona ni wewe uliyekitaka. Alasiri moja Mama Sauda alipokwenda kwa jirani, nililala chali kitandani. Sauda akanipaka jivu kutoka kwenye jiko la makaa, akaukunja uzi, akabana ncha kwa meno, akasema kwa meno hayohayo yaliyobana, "Funga macho. Usitikisike." Ilikuwa kama siafu wanapita kwa mstari. Machozi yaliingia masikioni. Muda wote alinihadithia: Juma kafanya hivi, Mama kasema vile, mbuzi wa jirani kala nini. Sauda ni mtu wa kusema, anasema hata akimeza. Halafu akanyamaza.

"Nini?" nikauliza.

"Hakuna."

"Sauda. Nini?"

"Ulitikisika."

Alitaka kusawazisha. Akapunguza ya kulia ifanane na ya kushoto, kisha ya kushoto ikaonekana nene pale mwanzo, akarudi huko, na uzi ulipokatika akachukua wembe. Nilipopewa kioo, kile kipande kilichokuwa kimechomekwa juu ya mlango wa sebule, niliona yai lililopata habari mbaya. Sauda alilitazama lile yai kwa muda, kichwa upande, na badala ya pole akasema, "Sasa nimejua pale nilipokosea." Kana kwamba nilikuwa na nyusi nyingine za akiba.

Chakula cha jioni kilikuwa maharagwe na gurusa. Baba Sauda alikuwa askari zamani, wa zamani zile ambazo kwetu hatuulizani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila neno limesimama wima. Alinitazama, akaweka mkate chini. "Wewe mutu ya Arua. Nyusi yako iko wapi?"

"Zimekwenda, Baba."

"Nani alipatia yeye ruhusa?"

Mama Sauda aliweka kawa juu ya chakula na kuita jina moja tu, "Sauda!", na jina hilo lilikuwa shitaka, kesi na hukumu. Ila naye, kama mimi, alidhani jambo lingeishia hapo, ndani ya ua.

Siku chache baadaye shangazi za Juma walikuja kutoka kijijini kwao Midia na ufuta mpya na maneno ya harusi. Mkubwa wao alikuwa Hajati Zubeda, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kuharakisha kitu. Sauda alikuwa amefichwa chumbani kama desturi, kwa hiyo chai niliileta mimi, na leso nimeifunga vibaya. Hajati alipokea kikombe, akanitazama juu ya macho, akakiweka chini.

"Na huyu, bwana yake iko wapi?"

"Huyu hana bwana, Hajati," akasema Mama Sauda. "Ni mtoto ya rafiki yangu, ya Arua."

"Hana bwana," akarudia Hajati, kama mtu anayerudia bei. "Na nyusi alitoa kwa nini?"

Hapo Mama Sauda alikwama. Kusema ukweli ni kusema kwamba bibi harusi wake ameshika uzi na wembe kabla ya siku yake. Akatafuta jibu juu kwenye mabati, hakuliona, akasema, "Watoto ya Arua iko hivyo." Nilisimama pale na sinia mikononi, nikisikia mji wangu mzima unauzwa kwa kikombe cha chai. Shangazi wakamaliza chai yao, wakaenda zao.

Sokoni Koboko habari haihitaji miguu. Kufikia siku ya soko iliyofuata nilikuwa nimepata mume huko Arua. Baadaye kidogo mume huyo akawa dereva wa lori, mkali, na mimi nikawa nimemtoroka. Halafu nikapata mtoto niliyemwacha akiwa ananyonya, na mwanamke mmoja wa vitunguu alimlilia kabisa. Nilipata familia nzima bila kutoka nje ya ua. Tungecheka. Lakini baba mdogo wa Juma alikuja, akakaa sebuleni na kofia yake magotini, akasema kwa adabu kubwa, "Sisi hatusemi kitu. Sisi tunafikiri." Kwa watu wale, wakwe wakikwambia wanafikiri, unaacha kununua mchele. Nyumba inayoficha wake za watu si nyumba ya kuchukua mke.

Sauda hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alizitoa zile kandambili chini ya kitanda, akazipanga sakafuni jozi kwa jozi, akazifuta vumbi kwa kanga, akazirudisha. Mashuka ya harusi yalikuwa magotini mwangu, nusu ya maua yametariziwa, na sikujua niendelee na sindano au niiweke. Ukutani juu maneno yakawa yanatuangukia.

"Rudisha mtoto kwao," sauti ya Baba.

"Nikirudisha, watasema bwana yake amekuja kuchukua. Nikikaa naye, watasema naficha."

"Basi sema ukweli."

"Ukweli iko kwamba bibi harusi ameshika wembe. Nipeleke hiyo Midia kwa sahani?"

Kikombe kikagonga kisahani. Kisha Baba akasema, bila ukali, "Zamani mutu akikosa, anasimama yeye mwenyewe." Nilimtazama Sauda. Alikuwa anatazama mabati.

Hajati Zubeda aliitwa tena, akaja na mdogo wake mmoja. Safari hii mimi nilisimamishwa sebuleni tangu mwanzo, leso imevutwa mpaka kwenye kope, na Mama Sauda alikuwa ametayarisha ugonjwa wa ngozi. Alieleza ulivyoanza, dawa niliyopewa, jinsi ilivyobidi kunyolewa. Mimi mwenyewe nilianza kuwashwa. Hajati alisikiliza mpaka mwisho. "Ugonjwa ya kuchagua nyusi tu," akasema. "Kichwa imeacha." Mama Sauda akafungua mdomo, na pazia la chumba likafunguka kabla yake.

Bibi harusi hatoki mbele ya wakwe. Sauda alitoka. Hakuwa na nyusi hata moja. Wale paka wawili weusi, waliolala vizuri, hawakuwepo, na damu kidogo ilikuwa imekauka juu ya jicho moja kwa sababu alitumia wembe bila kioo. Kioo kilikuwa sebuleni, juu ya mlango. Wembe ulikuwa bado mkononi. "Huyu hana bwana," akasema. "Ni mimi nilimtoa nyusi, nilikuwa najifunza. Sasa na mimi sina. Kama yeye ni mke wa mtu, basi na mimi mniite hivyohivyo." Mama Sauda alikaa chini mahali ambapo hapakuwa na kiti.

Hajati Zubeda aliinuka taratibu, akamshika Sauda kidevu, akampeleka mlangoni kwenye mwanga, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto. "Nani alifundisha wewe?"

"Hakuna mtu, Hajati."

"Inaonekana." Akanigeukia mimi. "Na wewe, alikuwa anakata, wewe ulikaa tu?"

"Aliniambia nisitikisike, Hajati."

Kitambaa chake begani kikaanza kutikisika. Nilifikiri ni hasira. Ilikuwa kicheko, na alikimeza kwa nguvu maana kazi ilikuwa haijaisha. Akarudi kukaa, akakunja mikono, akatoa hukumu yake. "Bibi harusi bila nyusi, haboba atapitisha uzi wapi? Kwa sikio? Tutangoja iote." Mama Sauda akauliza kwa sauti ndogo kama ni za Sauda tu. "Zote," akasema Hajati. "Na ya huyu pia. Nataka niione mimi mwenyewe sura ya huyu msichana."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba koo mbili, na ng'ombe waliokwishatajwa, na mchele, na wageni wa kutoka Yei na Aru, walingoja nywele zetu. Watu wa Midia walivuna ufuta wao wakingoja. Wakakausha mihogo wakingoja. Juma alipita nje ya ua na baiskeli yake kila jioni, akasimama kama mtu anayekagua mnyororo, na siku moja akapata ujasiri wa kuuliza ukuta, "Zimefika wapi?" Ukuta ukamjibu kwa sauti ya Sauda, "Zinakuja kwa miguu!" Kila jirani alikuwa na dawa: mafuta ya ufuta, mafuta ya mbarika, kitunguu, majani ya chai. Tulinuka kama jiko. Kila asubuhi Baba Sauda alitupanga barazani, akatembea mbele yetu mikono nyuma. "Kulia, sawa. Kushoto, bado. Rudi ndani." Hatukuruhusiwa kwenda popote, mimi na yeye, katika chumba kile cha mabati yanayolia. Tuligombana kuhusu mto, kuhusu mlango, kuhusu nani kamaliza mafuta. Alinisimulia habari zilezile za Juma mpaka nikazijua kuliko Juma. Nilitarizi maua katika kila kitu kisichokimbia. Nilijifunza kumimina gurusa ikatoka na matundu madogo sawasawa, na kunyamaza alasiri huku upande wa pili wanawake wakisema ya watu. Mpaka leo nikisikia mabati yanalia juani najisikia niko salama.

Katikati ya hayo ndipo dereva wa lori alipoleta habari kutoka kwetu: matokeo yametoka, nimefaulu, na chuo cha ualimu kinaita watu Arua kwa mahojiano, uso kwa uso. Mama Sauda alinishonea gauni usiku kucha. Akaniambia nitavaa leso chini, hakuna atakayeona. Baba akasema ataongea na dereva nipate nafasi ya mbele. Mimi nikakataa. Nikasema siendi kusimama mbele ya walimu wakuu nikiwa yai, wataniuliza nini kimenitokea, nitasema nini? Lori likaondoka bila mimi. Wenzangu walikosa chuo kwa ada, kwa mimba, kwa barabara kufungwa na watu wenye bunduki. Mimi nilikikosa kwa nyusi. Nimewasimulia watu habari hii mara nyingi kwa namna hiyo, na wanacheka, na lawama yote inamwendea Sauda, aliye mbali. Lakini gauni lile lilikuwa zuri na leso ingetosha. Ni rahisi kusema niliharibiwa uso kuliko kusema kwamba niliona nyumba yenye chai ya mara ya pili, na rafiki anayenikera kutoka asubuhi mpaka jioni, nikakataa kuondoka.

Za Sauda zilirudi vizuri kuliko mwanzo, bila shaka. Yangu ya kulia ilirudi. Ya kushoto ilifika katikati, ikakaa. Hajati Zubeda alipokuja kukagua, aliinamia pale kwa muda. "Na hii?" Baba Sauda akajibu kutoka barazani, "Hiyo moja ilibaki msituni, Hajati. Hairudi tena." Hajati akakubali. Siku ya hina haboba akaja na uzi wake na jivu lake. Sauda akamweleza kwa adabu mstari anaoutaka, akauchora hata kwa kidole. Haboba akasema, "Ndiyo, ndiyo, mwanangu," akambana kichwa, akamfanya vilevile alivyofanya kila mke wa mtaa ule. Vyote vile, wembe na aibu na mihogo kukauka na lori kuondoka, na bado akatoka na mshangao uleule. Nilimshikia kioo. Akajitazama, akanitazama.

"Nimeshangaa?"

"Umeshangaa."

Tulicheka mpaka hina ikamwagika kwenye shuka nililolitarizi mwenyewe. Baadaye akaenda Midia, halafu Juba, na mimi nikarudi Arua na nyusi moja na nusu.

Jumamosi alifika kabla ya saa niliyomtegemea, naye ndivyo alivyo. Nilikuwa bado sijajichora. Alisimama mlangoni, amenenepa, amevaa nguo nyepesi ya rangi ya majani, akatazama pazia zangu, akatazama maua niliyotarizi kwenye kila kiti, akasema, "Bado hutoki nje?" Nikasema, "Kuna nini huko?" Fiona akaleta chai, akamtazama mgeni kama mtu anayeangalia mshitakiwa. Tulimzungumzia Juma kidogo. Alikuwa mtu wa aibu mpaka mwisho. Hospitalini, akasema Sauda, aliwaomba radhi manesi kwa usumbufu. Halafu akavua mtandio, na mimi nikaacha kikombe njiani.

Mjane akiwa katika eda hajipambi. Hapaki hina, hashiki uzi. Nyusi za Sauda zilikuwa zimeota. Zilikuwa na mvi, nzito, zimelala vizuri kama paka wawili wazee, na uso wake ulikuwa haushangai kitu. Tangu asubuhi ile ya hina sikuwa nimeuona uso ule.

"Eda imekwisha," akasema. "Watoto wananiambia nitengeneze, naonekana mgonjwa. Nikitengeneza zitasema nina bwana. Nikiacha zitasema mimi msichana. Zote uongo. Nimekuja uniambie."

Hivi kweli. Mtu anapanda basi kutoka Koboko, na mifupa ile, aje aniulize mimi. Nilitaka kumwambia hivyo. Niliinuka, nikamgeuza kidevu kwenye mwanga wa dirisha, kulia, kushoto, kama Hajati. "Ziache," nikasema. "Ulisema hutaki kushangaa maisha yako yote. Basi anza leo." Akashusha pumzi, akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio haraka, kisha macho yake yakatembea chumbani, yakatua dirishani, kwenye uzi na kioo na kopo la unga.

"Basi lete zako."

"Zangu za nini?"

"Nimesafiri na mikono. Lazima ifanye kitu."

"Sauda, kwa ajili yako nilikosa chuo. Ningekuwa mwalimu mkuu."

"Sasa hivi ungekuwa umestaafu. Umekaa hapahapa, kwenye kiti hikihiki."

"Kwa hiyo hukuniharibia kitu."

"Nakuuliza wewe."

Fiona aliweka simu yake chini na kutazama. Nililaza kichwa nyuma kwenye kiti, kwa hiari yangu, mtu mzima mwenye akili zake, nikasikia poda inashuka na uzi unakunjwa na meno yakiuma ncha. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vigumu kidogo, vilinivuta ngozi ya juu ya jicho mahali palepale. Tangu niondoke chumba kile, ni mimi peke yangu niliyeishika ngozi hiyo.

"Funga macho," akasema kwa meno yaliyobana. "Usitikisike."

Nikafunga. Akaanza upande wa kushoto, na akaanza kusema: barabara ya Koboko sasa imepigwa lami, nyumba ya Mama ina popo, kandambili bado anazo, hakuna hata moja inayomtosha. Alisema na kusema, na uzi ukapita na kupita. Halafu akanyamaza.

"Nini?" nikauliza.

"Hakuna."

"Sauda. Nini?"

"Ulitikisika."